Gari Linaanzia Kisaju

Nyumba ya nne ndiyo Gichuru aliyoipenda. Ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo jipya pembezoni mwa mji wa Kitengela, na rangi ya kutani ilikuwa bado inanuka. Roy, ajenti aliyekuwa akiwazungusha tangu asubuhi, alifungua bomba la jikoni ili waone maji yanavyoruka, akawasha taa na kuzizima, akafungua kabati moja baada ya jingine kana kwamba aliyajenga yeye. Gichuru alisimama katikati ya sebule, viatu vikiwa vizito kwa tope jeusi la nyumba ya pili na ya tatu, akapima kwa macho. Kochi kubwa lingekaa pale chini ya dirisha. Televisheni ingekaa pale. Na kutoka hapo hadi kiwanda cha mabati alikotakiwa kuripoti Jumatatu kama msimamizi wa ghala, ni mwendo wa dakika ishirini tu kwa miguu.

"Hii haimalizi wiki," Roy alisema. "Kuna jamaa wa benki aliiona jana. Ningekuwa wewe, mzee, ningefunga hii stori leo."

Waithera, mke wa Gichuru, alikuwa amemshika mkono binti yao Sandra, aliyekuwa na miaka tisa. Walikuwa wametoka Ol Kalou siku sita zilizopita na mabegi manne. Vyombo vyao vingine vilibaki kwa jirani mpaka wapate pa kuviweka. Kwa sasa walikuwa wakilala kwa Gakuru, binamu yake Gichuru, na katika nyumba ya Gakuru kila mtu alikuwa ameanza kusema taratibu na kwa adabu nyingi mno, jinsi watu wanavyosema na mgeni wanayemngoja aondoke.

Mama mwenye nyumba alipanda ngazi akihema, funguo zikilia mkononi. Alikuwa mtu wa kucheka. Aliwasalimu wakubwa, akawauliza wametoka wapi, akasifu viazi vya Ol Kalou, kisha akamwinamia Sandra.

"Na wewe mrembo, unaitwa nani?"

Sandra alikuwa anatazama mlango wa balkoni. Mama yule akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi, kisha akawageukia wazazi akiwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lenyewe limepungua.

"Huyu hana salamu?"

"Ana haya," Gichuru akasema. "Atazoea."

Maneno hayo yalimtoka haraka, kwa kuwa aliyasema mara nyingi katika milango mingi. Waithera akauachia mkono wa mtoto.

"Hana haya, mama," akasema. "Ni kiziwi. Haskii. Anaitwa Sandra."

Yule mama akasema pole. Akasema pole mara tatu. Huku nyuma Sandra alikuwa amesukuma mlango wa balkoni akatoka nje, na kule ng'ambo ya ploti za mwisho, mahali nyasi za uwanda zilipoanzia, akaona punda milia. Walikuwa kumi au zaidi, wamesimama katika jua la baada ya mvua. Hakuwahi kuwaona isipokuwa kitabuni. Akatoa sauti. Ilikuwa sauti kubwa, ya kupanda, isiyokuwa na umbo la neno, sauti ambayo kule nyumbani waliijua kuwa ni ya furaha tupu. Mama mwenye nyumba akashika kifua.

Kilichofuata alikisema kwa upole kabisa. Alisema yeye hana shida, hata yeye ni mzazi. Lakini alikuwa na wapangaji wanaofanya kazi usiku na kulala mchana. Na kulikuwa na ile balkoni; Mungu apishe mbali, mtoto kama huyo akianguka, watu watasema nini juu ya nyumba yake? Kama wangetaka, alikuwa na chumba kimoja chini, kule nyuma.

"Huko kuna jenereta," akasema. "Kelele ya mtoto haitasumbua mtu."

Gichuru alisimama na tope lake viatuni. Na jambo ambalo baadaye lilimwia vigumu kulikumbuka bila kufumba macho ni kwamba aliuliza chumba hicho ni pesa ngapi. Alipogeuka kumtazama Waithera, hakuwepo. Alikuwa ameshamchukua mtoto na kushuka ngazi.

*

Wiki iliyofuata shule zilifunguliwa na mvua ikazidi. Gichuru alianza kazi Jumatatu. Kiwanda kile cha maziwa alichokitumikia miaka kumi na mmoja kule Ol Kalou kilikuwa kimefungwa, na tangu hapo alikuwa amehojiwa sehemu saba kabla hii ya mabati haijamkubali, kwa hiyo alifika mapema, akavaa kofia ngumu aliyopewa, akajifunza majina ya watu na mahali pa kila kitu. Wakati wa chakula cha mchana walimuuliza anakaa wapi. Akajibu bado anaangalia fleti. Wakamuuliza ana watoto wangapi, akasema mmoja. Shule gani? Akasema hilo pia bado wanaliangalia, akainamia sahani yake.

Jioni hiyo Roy alimpigia kuhusu nyumba ya tano. Gichuru alimwambia atakwenda kuiona peke yake, na kwamba hakuna haja ya kumtajia mwenye nyumba habari za mtoto.

Aliporudi kwa Gakuru alimkuta mkewe ameketi jikoni, na uso wake umefunga. Wahu, mke wa Gakuru, alikuwa na wageni, akina mama wa kikundi chake cha kuchangishana. Kabla hawajafika, alikuwa amempa Sandra biskuti na simu ya kuchezea, akampeleka chumbani, akaufunga mlango. Hakuufunga kwa ufunguo. Aliurudisha tu, taratibu, akamwambia Waithera kwamba hivyo mtoto hatachoshwa na wageni. Waithera alikuwa amesikia wageni wakicheka sebuleni kwa saa mbili nzima, na Sandra alikuwa amekaa kitandani kwa saa mbili hizo, biskuti mkononi, akitazama mlango. Alijua kuna watu. Aliona vivuli vya miguu yao chini ya mlango.

"Wahu ni mtu mzuri," Gichuru alisema.

"Sijasema ni mbaya," Waithera akajibu.

Siku iliyofuata, Jumanne, aliporudi kutoka kazini aliwakuta Waithera na Sandra nje kwenye ngazi, wanasugua viatu. Sandra alikuwa anapepesa mikono hewani, anaikunja na kuikunjua, kama mtu anayejaribu glavu mpya. Waithera hakungoja aulizwe.

"Leo tumeenda Kajiado," alisema.

Alikuwa ameelekezwa na mwanamke anayeuza maziwa sokoni, ambaye alimwona akimwonyesha mtoto bei kwa vidole. Mwanamke huyo alimwambia kwamba kule Kajiado mjini kuna shule ya msingi yenye kitengo cha watoto viziwi, kwamba mtoto wa dada yake anasoma huko, na kwamba siku hizi huyo mtoto hachoki kugombana na watu kwa mikono. Basi Waithera alikuwa ameamka, akamvalisha Sandra sare yake ya zamani, akaenda bila kumwambia mtu.

"Alipoona wale watoto wanaongea na mikono, alisimama kwa geti kama amepigwa na stima," alisema. "Halafu akaingia. Hakuniangalia hata. Tumekaa huko mpaka saa tisa, na kumtoa ilibidi nimbebe."

Gichuru aliketi kwenye ngazi. Kwa miaka mitatu Sandra alikuwa amekaa dawati la nyuma katika shule ya kawaida, akinakili ubao kwa mwandiko mzuri ajabu, herufi kwa herufi, bila kujua hata neno moja lilimaanisha nini. Walimu walimpitisha darasa baada ya darasa kwa sababu hakuwa msumbufu. Gichuru alilijua hilo. Alikuwa analijua jinsi mtu anavyojua kwamba paa linavuja upande ule asiokaa.

Akasema Kajiado ni mbali. Akasema anaingia kazini saa kumi na mbili na nusu, na kwamba mtu wa ghala akichelewa, malori yote yanasimama. Kisha akauliza kama shule ina bweni.

"Iko," Waithera akasema. "Lakini mtoto wangu simpeleki bweni. Miaka tisa amekaa kwa nyumba na watu hawamuongeleshi. Sasa ndio anaanza kuongea, na mimi nisiwe hapo nimsikie?"

"Kwa hivyo unataka nini?"

"Nitatafuta chumba Kajiado. Nikae na yeye. Wewe kaa hapa karibu na kazi, kwa fleti unayotaka. Utakuja weekend."

"Hiyo ni kuvunja nyumba, Mama Sandra."

Waithera aliweka kiatu chini. "Nyumba gani?" akauliza. "Tuko na nyumba?"

*

Kuanzia Jumatano Waithera alimpeleka Sandra Kajiado kila asubuhi na kurudi naye jioni, na mume na mke hawakuzungumza ila habari za chai na taulo. Ijumaa Gichuru alimwomba meneja nusu siku. Meneja hakukataa. Alimkumbusha tu, mbele ya vijana wawili wa forklifti, kwamba hii ni siku yake ya tano kazini. Gichuru akasema anaenda kutafuta nyumba, lakini alikuwa anaenda shuleni Kajiado, na alikuwa amepanga kabisa safari hiyo iwe ya namna gani: angemshukuru mwalimu, angemweleza juu ya umbali na saa za kazi, na angemwomba atunze jina la Sandra mpaka mwakani.

Kajiado mvua haikuwa imefika. Vumbi jekundu lilikuwa limetulia juu ya kila jani. Akaelekezwa kwenye darasa la mwisho, karibu na bweni, na mlangoni akamkuta mwanamke mrefu mwenye miwani anabandika picha ukutani. Mwanamke alikuwa amempa mgongo. Gichuru alibisha hodi, akataja jina lake na alikotoka, akaingia katika hotuba yake yote ya umbali na malori, na alipofika kwenye neno mwakani, mwanamke akageuka, akashtuka kumwona mtu mlangoni, kisha akatabasamu na kugusa sikio lake.

Mwalimu Kasyoki mwenyewe alikuwa kiziwi. Alimpa Gichuru daftari na kalamu, akamvutia kiti cha mtoto. Gichuru akakaa magoti yakikaribia kidevu. Akaandika kwa mwandiko wake wa ghala: Nimekuja kuhusu mtoto wangu Sandra.

Mwalimu akaisoma, akawageukia watoto, akauliza kitu kwa mikono. Watoto kumi na mmoja wakainua kidole cha shahada wakakizungusha shavuni, wote kwa pamoja, na kumwonyesha Sandra aliyekuwa dirishani. Gichuru hakuelewa. Mwalimu akaandika: Hilo ndilo jina lake hapa. Wenzake walimpa siku ya kwanza. Kishimo cha shavu.

Sandra alikuwa na kishimo hicho tangu kuzaliwa. Mama yake Gichuru alikuwa nacho vile vile, upande ule ule.

Mwalimu akaandika tena: Nyumbani mnamwitaje?

Gichuru alifikiri kidogo. Kisha, kwa kuwa hakujua namna ya kuiandika, akasimama na kupiga sakafu kwa kisigino, mara mbili. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakimwita miaka yote. Sandra akihisi mtikisiko, aligeuka. Sasa pia aligeuka, na wenzake kadhaa waliokuwa karibu wakageuka naye. Mwalimu Kasyoki hakucheka. Alichukua daftari.

Hiyo ni ya kumwita, aliandika. Ya kuongea naye ni ipi?

Gichuru akaipokea kalamu, akaiweka juu ya daftari bila kuandika.

Kijana mmoja mwenye sweta iliyotoboka viwiko akasema kitu kwa mikono, na darasa zima likacheka. Wakasema kingine, wakacheka zaidi, wakimtazama yeye. Gichuru akatabasamu ovyo, jinsi mtu anavyotabasamu asipojua kama anachekwa au anasifiwa. Alitazama uso huu na ule akitafuta wa kumwambia. Mikono ilikwenda haraka, nyuso zilipanda na kushuka, kila mtu chumbani alikuwa ndani ya mazungumzo isipokuwa yeye, pale kwenye kiti kile kidogo. Hapo ndipo lilipomjia, bila mtu kumwambia, kwamba Sandra alikuwa amekaa hivi kwenye kila meza ya chakula waliyowahi kumketisha.

Sandra akaja. Akamshika mkono wa shati, akaelekeza kidole kwenye viatu vyake vilivyoganda tope la Kitengela, akanyanyua mguu wake mmoja polepole na kuushusha kwa kishindo, kisha wa pili, akijaza mashavu, kama tembo anayevuka kinamasi. Walikuwa wanacheka viatu. Basi. Gichuru alitazama viatu vyake, na akacheka mpaka macho yakalowa, na watoto wakafurahi kwamba mzee ameelewa.

Wakati wa kuondoka mwalimu alimwonyesha akae kwanza. Akachora mstari kwenye daftari, akaweka nukta mwishoni akaandika Kajiado. Juu yake akaweka nukta nyingine, Isinya. Juu zaidi, nukta ya tatu, akaizungushia duara: Kisaju. Pembeni akaandika kwamba wazazi wa watoto wanne wamekodi gari kwa pamoja, linawaleta asubuhi na kuwarudisha jioni. Linaanzia Kisaju saa kumi na mbili kasorobo. Kitengela halifiki, dereva amekataa.

Chini kabisa aliandika: Kuna nafasi moja.

Gichuru aliitazama ile nukta ya duara. Kutoka Kisaju hadi Kitengela hakukuwa mbali. Alikuwa ameipita siku hiyo hiyo bila kugeuza kichwa. Akauliza kwa kalamu kama anaweza kuichana hiyo karatasi aende nayo.

*

Roy alipoambiwa Kisaju alicheka kwenye simu. Huko hana nyumba, alisema, huko ni ng'ombe na upepo. Kwa hiyo Jumamosi walikwenda wenyewe, watatu, wakaulizia kwenye duka la maziwa, na msichana wa duka akawaonyesha njia ya kwa Koko Seleyian, nyanya mmoja wa Kimaasai mwenye nyumba za kupanga, nyuma ya soko.

Zilikuwa nyumba sita za mawe zilizopangwa mstari mmoja, mabati juu, vyoo nje, tangi la maji kwenye pembe. Upepo kweli ulikuwepo. Waithera aliingia jikoni akanyoosha mikono, akagusa kuta zote mbili kwa wakati mmoja. Gichuru akasimama kwenye mlango wa mbele akapima kwa macho, na hakuhitaji kupima mara mbili. Kochi lisingepita.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa umri wa miaka sitini na kitu, amejifunga shuka begani, simu inaning'inia shingoni kwa uzi wa shanga. Hakuwa mtu wa kucheka. Alianza na malalamiko. Mpangaji aliyetoka alikuwa ameondoka na bulbu zote, hata ile ya choo. Maji ya kisima yanafunguliwa Jumanne na Jumamosi. Anayeacha mapipa yake matupu siku hizo asije kumlilia. Na mtu akichelewa kodi, aje amwambie, asizime simu.

"Unakunywa?" akamuuliza Gichuru.

"Hapana, Koko."

"Wote husema hapana."

Wajukuu wake wawili wakaja mbio kutoka zizini. Walipofika mbele ya Waithera wakasimama, wakainamisha vichwa. Waithera akawagusa utosini mmoja baada ya mwingine, maana alikuwa ameiona salamu hiyo Kitengela sokoni. Wakaja kwa Gichuru, naye akafanya vile vile, mkono wake ukiwa mzito kidogo. Sandra alikuwa kando, anatazama. Aliutazama mkono wa mama yake, wa baba yake, vichwa vya wale watoto. Akauliza jambo kwa macho, na hakungoja jibu. Akatembea mpaka mbele ya Koko Seleyian, akasimama wima, akainamisha kichwa.

Koko akaweka kiganja chake juu ya nywele za mtoto, akakiacha hapo kidogo, kama anavyofanya kwa mtoto yeyote.

"Ana adabu," akasema. "Anaitwa nani?"

Waithera alimtazama mumewe. Gichuru alihisi lile neno la zamani, ana haya, linapanda kooni, tayari, laini kwa kutumiwa. Alilimeza.

"Haskii, Koko," akasema. "Ni kiziwi. Jina lake ni hivi." Akainua kidole chake kinene cha mtu wa ghala, akakizungusha shavuni. Uso wake ulikuwa moto kana kwamba amevuliwa nguo. "Na kwa mdomo ni Sandra."

Koko Seleyian alimtazama, akamtazama mtoto. Akaweka kidole shavuni, bangili zikashuka mkononi, akakizungusha.

"Hii nitaweza," akasema. "Hiyo nyingine ya Kizungu ningesahau."

Sandra alicheka kwa sauti, ile sauti yake kubwa ya kupanda, na mbuzi wawili wakainua vichwa. Koko alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni.

"Sasa, bulbu," alisema. "Ukihama, bulbu zangu zibaki."

*

Waliingia Kisaju mwishoni mwa mwezi huo. Kochi walimpa ndugu yake Waithera kule Ol Kalou, na kwa muda walikaa kwenye mkeka na viti viwili vya plastiki. Si kila kitu kilikuwa rahisi. Jumanne moja Waithera alisahau mapipa, na Koko kweli hakutaka kumsikiliza. Upepo uling'oa kipande cha bati juu ya jiko. Gakuru na Wahu walikuja Jumapili moja kuwaona, Wahu akazungusha macho humo ndani akauliza kwa nini wameamua kujitenga hivi na watu. Waithera akamwongezea chai. Wahu alipotaka kuondoka, Sandra na wajukuu wa Koko walikuwa uani wakigombana kwa ishara za mikono juu ya mpira, wote watatu kwa mpigo, na Wahu akasimama kuwatazama muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Kazini Gichuru aliulizwa tena siku moja anakaa wapi, na akasema Kisaju. Wakamwuliza kwa nini huko mbali. Akawaambia ana mtoto kiziwi, na gari la shule yake linaanzia pale. Kisha dereva mmoja wa lori akasema hata yeye ana mpwa kiziwi kule Namanga, miaka sita, ambaye hawajui wamfanyeje. Gichuru akatoa kalamu mfukoni akamwandikia jina la shule.

Waithera aliweka cherehani mbele ya nyumba na kupata kazi ya kushona sare. Kila alfajiri Gichuru alimsindikiza Sandra barabarani. Gari lilikuja, likamchukua likaelekea kusini, naye akavuka barabara kungoja la kwenda kaskazini. Na Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili, Mwalimu Kasyoki alikuwa na somo la wazazi, na Gichuru alihudhuria katika kile kiti kidogo. Alikuwa mzito. Waithera alimpita mbali. Vidole vyake vilizoea kushika mabati, na kila ishara aliyoifanya ilitoka imekunjamana, lakini hakukosa hata somo moja.

Sandra naye alikuwa amejifunza kuuliza kwa nini. Alipoipata ishara hiyo hakuiacha. Kwa nini Koko ana tundu kubwa sikioni. Kwa nini ng'ombe wa jirani wana alama mgongoni. Kwa nini baba analala mdomo wazi. Alimfuata mama yake mpaka bafuni akiuliza kwa nini. Waithera alilalamika kwamba amechoka, na alilisema hilo akiwa anatabasamu.

Jumapili moja alasiri baba na mtoto walikuwa wameketi kando ya tangi, wanaosha viatu vya wiki. Sandra alikuwa kimya kwa mikono, jambo lisilo la kawaida. Kisha akaweka brashi chini, akamgusa baba yake gotini ili amtazame. Akasema polepole, ishara moja moja, kama anavyofanya akitaka baba aelewe: shule ya zamani. Mimi. Nyuma. Miaka mitatu. Akaonyesha upande wa Kajiado, mbali, kule barabara inakopotelea. Shule hii. Kisha: kwa nini?

Gichuru alielewa kila neno. Waithera alikuwa ndani, cherehani inanguruma, angeweza kumwita amsaidie kujibu. Hakumwita. Alifikiria majibu yaliyokuwepo. Kwamba hawakuambiwa. Kwamba mama yake mzazi alisema mtoto atasikia akikua. Kwamba kulikuwa na kazi, na umbali, na watu. Yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja alilokuwa na mikono ya kulisema, na hata angekuwa nayo, hakuna moja lililokuwa jibu. Sandra alingoja.

Akainua mkono, akagusa kipaji cha uso, akaugeuza mkono kuelekea nje. Sikujua.

Sandra alimtazama. Macho yake yalimpitia usoni mwote, kisha akatikisa kichwa kukataa, akaushika mkono wa baba yake kwa mikono yake miwili iliyolowa sabuni. Gichuru akafikiri jibu limekataliwa, na hakujaribu kujitetea. Lakini mtoto alikuwa anavikunjua vidole vyake, kimoja kimoja, vilivyokuwa vimejikunja kama kawaida yake. Akavinyoosha. Akauweka mkono ule tena kipajini pa uso wa baba yake, mahali pake hasa, akaugeuza kuelekea nje kwa namna inavyopaswa. Kisha akauachia, akangoja.

Gichuru akairudia. Safari hii ilitoka sawa.

Sandra akaitikia kwa kichwa. Akamsogezea kiatu cha pili, akachukua brashi yake, na baada ya kidogo akamuuliza swali lingine.